Cherehani Isiyotiwa Mafuta Hula Mshahara



Katika miji ya Gitega na Muyinga cherehani inalisha nyumba nyingi. Wapo mafundi wa sokoni, wapo washonaji wa viwandani, na wapo wenzetu wa mashamba ya kahawa ambao mke au mume anashona nyumbani ili kujazia mshahara. Leo tunaeleza namna ya kuitunza mashine hiyo, na nani anapaswa kulipa gharama.

KWA NINI MAFUTA?
Chuma kikisugua chuma hupata moto na kulika. Tone la mafuta hukaa katikati kama utando mwembamba, vyuma visigusane. Kwetu kuna adui wa pili: vumbi la kiangazi, toka Juni mpaka Septemba. Vumbi likichanganyika na nyuzi za kitambaa hunywa mafuta yote na kuziba njia. Dalili ni hizi: kelele, pedeli kuwa nzito, uzi kukatika ovyo.

MAFUTA GANI?
Tumia mafuta ya cherehani, mepesi na meupe kama maji. Mawese na mafuta mengine ya kupikia huganda yakawa gundi. Mafuta ya injini ya gari ni mazito mno, tena huchafua nguo.

NAMNA YA KUFANYA
1. Ikiwa mashine ni ya umeme, zima na uchomoe waya. Ikiwa ni ya miguu, ondoa mkanda. Toa sindano na uzi.
2. Fungua bamba lililo chini ya sindano. Safisha kwa brashi meno yanayosukuma kitambaa. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na unyevu huleta kutu.
3. Toa bobini na nyumba yake. Futa uchafu, kisha tia tone moja pale inapozunguka.
4. Tia tone moja katika kila tundu la mafuta, juu na ubavuni. Laza mashine, utie pia chini, kila mahali chuma kinaposugua chuma. Usiuguse mkanda kwa mafuta, utateleza.
5. Zungusha gurudumu kwa mkono, kisha endesha bila uzi kwa dakika moja au mbili.
6. Futa mashine, rudisha sindano na uzi, shona kitambaa chakavu mpaka doa lisionekane tena.

Mashine inayofanya kazi kutwa itiwe mafuta kila siku. Ile ya kushona mara moja moja, mara moja kwa juma yatosha. Iliyoganda itiwe matone ya mafuta ya taa, mbali na moto, izungushwe mpaka ilegee, ifutwe, ndipo yafuate mafuta yake halali.

Mashine nyingi za kiwandani zina bakuli la mafuta chini na kioo kidogo juu. Mafuta yasipoonekana yakirukaruka katika kioo hicho, simamisha kazi upesi. Yakiwa meusi, yabadilishwe.

NANI ALIPE?
Mfundi mwenye mashine yake hujilipia mwenyewe. Lakini kiwandani mashine ni mali ya mwajiri. Anayelipwa kwa kipande huona dakika kumi za kutia mafuta kuwa ni hasara yake, basi huziruka. Siku mashine inapokwama, lawama humwangukia yeye, na pengine anakatwa mshahara.

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, kifungu cha 8, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi, na mapatano ya pamoja au na hukumu ya usuluhishi. Hasira ya msimamizi si mojawapo ya hayo.

Kwa hiyo tunawashauri mambo matatu. Dakika za kutunza mashine zihesabiwe kuwa saa za kazi na zilipwe. Mafuta na brashi vitolewe na mwajiri. Kila mashine iwe na daftari lake: tarehe, aliyetia mafuta, na ubovu ulioonekana. Mashine ikivunjika, daftari hilo litasema kama ni uzembe au ni uchakavu.

Wajumbe, yapelekeni haya katika mapatano. Na wewe ndugu mshonaji, kesho asubuhi anza na tone moja.