Aloi Moja, Metali Nyingi

Tarehe 30 Septemba 2017, ndege ya Airbus A380 ya Air France iliyotoka Paris kwenda Los Angeles ilikuwa juu ya Greenland pale sehemu ya mbele ya injini yake moja ilipopasuka na kung'oka. Marubani waliishusha salama Goose Bay, Kanada, na hakuna aliyekufa. Kitovu kinachoshika mapanga ya feni kilianguka barafuni, na kipande chake kikubwa kilifukuliwa mwaka 2019. Kilitengenezwa kwa titani iliyochanganywa na takriban asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi, aloi ya titani inayotumika kuliko nyingine zote duniani. Ufa ulianzia ndani, chini ya uso wa metali, mahali ambapo fuwele nyingi jirani zilikuwa zimeelekea upande mmoja. Kwa hiyo anayeuliza titani ina nguvu kiasi gani, kabla ya kuuliza ilipashwa moto, ikafuliwa na kupozwa vipi, anauliza swali lisilo na jibu.

Titani safi ina maumbile mawili. Chini ya nyuzijoto 882 za Selsiasi atomi zake hujipanga kwa mfumo wa pembe sita uitwao alfa. Juu ya hapo huhamia mfumo wa mchemraba, yaani beta. Alumini huipa nguvu alfa, vanadi huilinda beta, ndiyo maana aloi yetu hubaki na zote mbili hata ikipoa, na hugeuka beta tupu inapopita takriban nyuzi 995. Hapo ndipo mfuaji anapoamua tabia yake. Akiipasha kupita kiwango hicho na kuipoza kwa kasi ya wastani, alfa huota ndani ya beta kwa vipande vyembamba vinavyopishana kama miyaa ya mkeka. Ufa unaopita humo hulazimika kupinda kila mara, na mwendo wake huwa wa taratibu. Akiifua chini ya kiwango hicho kisha akaipasha tena, vipande hivyo hukatika na kuwa chembe ndogo za mviringo, na metali ileile sasa huvutika zaidi bila kukatika, tena huchelewa kuota ufa. Akiitumbukiza majini ingali ya moto, atomi hazipati muda wa kutengana, na alfa hujitokeza kwa umbo la sindano: ngumu, lakini isiyovutika sana. Hali hiyo huonekana pia katika vipuri vinavyochapwa kwa leza kutokana na unga wa titani, na kwa sababu hiyo kwa kawaida hupashwa moto tena kabla ya kutumika.

Atakayesema kemia ndiyo msingi ana hoja nzito, na ushahidi wake ni Sioux City, Marekani. Tarehe 19 Julai 1989, diski ya feni ya DC-10 ya United Airlines ilipasuka angani, na zaidi ya watu 100 wakafa. Chanzo kilikuwa naitrojeni iliyozidi mahali pamoja tangu titani ilipoyeyushwa. Lakini naitrojeni ilifanya nini? Iliifunga alfa katika doa dogo, ikaifanya ngumu na rahisi kuvunjika, wala moto na nyundo za baadaye havikuweza kulirekebisha. Kemia iliua kwa kupitia muundo.

Basi kwa nini wahandisi wasichague muundo ulio bora na kumaliza kazi? Kwa sababu ule unaochelewesha ufa kuanza si ule unaouzuia kukua, na diski ya injini inahitaji yote mawili; mara nyingi miundo hiyo miwili huchanganywa. Isitoshe, fuwele ya alfa ni laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Mzigo unaposhikiliwa kwa dakika kadhaa, kama wakati wa kupaa, fuwele laini huteleza kidogo na kuzitwisha jirani zake ngumu, hadi ufa unazaliwa. Tabia hii ilijulikana tangu diski za injini za Rolls-Royce RB211 zilipovunjika mwaka 1972. Hata hivyo, miaka 45 baadaye, hapakuwa na njia ya kukagua kipuri kilichokamilika na kuliona kundi la fuwele kama lile la Greenland. Cheti cha metali kinachotaja asilimia za kemia peke yake hakitoshi kumhakikishia abiria usalama wake.