Ufa Nyuma ya Nyumba

Siku chache baada ya maafa ya Hanang, mama mmoja alinifuata baada ya kliniki hapa Lisekese. "Sista," aliniuliza, "mlima unawezaje kumwagika kama uji?"

Mpendwa msomaji, Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, vikaufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Serikali ilieleza kwamba haikuwa volkano. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa, ikameguka.

Katika nchi za baridi, theluji huua kwa njia hiyo hiyo. Huanguka tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini lisiposhikana vizuri na la juu likawa zito, mtelemko mzima hukatika ghafla. Kwetu hakuna theluji, lakini udongo uliolowa nao huteleza. Nasi wa Masasi tunaishi chini ya majabali, na ndugu zetu wa Newala hulima hadi ukingoni mwa makorongo.

Dalili za hatari

Angalia nyufa mpya ardhini au ukutani, miti iliyoanza kuinama, mlango uliokwama bila sababu, na chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu. Maji ya korongo yakipungua ghafla huku mvua inanyesha, huenda yamezibwa huko juu. Ukisikia mngurumo, chukua watoto mkimbilie pembeni, mahali pa juu. Msifuate bonde, wala msirudi kuchukua godoro.

Aliyefukiwa

Mwokoaji ahakikishe kwanza kwamba udongo hauendelei kushuka, na mtu mmoja abaki akiutazama mtelemko. Fukua kichwa na kifua kwanza, toa matope mdomoni na puani, kisha mfunike mgonjwa asipate baridi. Aliyebanwa mguu kwa saa nyingi apelekwe hospitali hata kama anaongea vizuri, kwani figo zake zaweza kudhurika. Mweleze mganga alibanwa kwa muda gani.

Yule mama alinyamaza, kisha akasema, "Nyuma ya nyumba yangu tulichimba kilima kupata kiwanja. Pana ufa. Nimeuziba kwa udongo."

Nilimwambia amefanya vyema kuzuia maji yasiingie, lakini asiusahau. Apigilie kijiti kila upande wa ufa na kupima kwa kamba kila asubuhi. Vijiti vikiachana, ahame siku hiyo hiyo na kumwarifu mwenyekiti wa mtaa.

Wiki iliyofuata alirudi na kamba yake. Fundo lilikuwa limepungua kwa upana wa vidole viwili. Watoto walikuwa tayari wanalala kwa bibi yao, na huko walikaa mpaka mvua zilipokoma.