Mchezo Uliowaposa Watazamaji Wake

Yako mapenzi ya mchezo yazaliwayo uwanjani, na yako yazaliwayo katika daftari la mishahara. Mapenzi ya raga ya ligi, yaani raga ya wachezaji 13 ambayo makao yake ya asili ni miji ya kaskazini ya Uingereza, ni ya namna hii ya pili. Na ndiyo sababu msomaji wa Nairobi au Mombasa aliyezoea raga ya watu 15, au ile ya watu 7 ya mashindano ya Safari Sevens, huenda akastaajabu akisikia kwamba michezo hii miwili, ambayo hapo kwanza ilikuwa mmoja, ilitengana ikakaa takriban karne nzima pasi na kuamkiana, kwa ajili ya shilingi 6.

Mwishoni mwa karne ya 19 raga yote ya Uingereza ilikuwa mikononi mwa waungwana waliosoma katika skuli za fahari, na kaida yao kubwa ilikuwa kwamba mtu acheze kwa hiari ya moyo, asipokee hata peni moja. Kaida hiyo ilikuwa tamu kwa mwenye mali. Lakini katika Yorkshire na Lancashire waliokimbia na mpira walikuwa wachimba makaa ya mawe, wafanya kazi wa viwanda vya nguo na wapakuzi wa shehena bandarini, watu ambao Jumamosi asubuhi walikuwa kazini kama siku nyingine, na ambao mechi ya mbali iliwagharimu zamu na ujira wake. Vilabu vya kaskazini viliomba kibali cha kumfidia mchezaji kile alichopoteza, wala si zaidi ya hapo. Mwaka 1893, katika mkutano uliofanyika London, ombi hilo likakataliwa kwa kura 282 dhidi ya 136. Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Agosti 1895, wajumbe wa vilabu hivyo wakakutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga, wakaunda chama chao wenyewe kilichoanza na vilabu 22, na fidia ikawekwa shilingi 6 kwa siku. Wakuu wa raga ya zamani wakawapiga marufuku waasi hao pamoja na kila atakayethubutu kucheza nao.

Hapo ndipo mahaba yalipotia mizizi, na mimi sioni ajabu. Mtazamaji aliyesimama uwanjani Jumamosi alasiri alikuwa ametoka kazini saa chache tu zilizopita, aghalabu katika shimo lile lile la makaa alimotoka yule aliyekuwa akimshangilia. Alimjua kwa jina, kwa mtaa na kwa wazazi wake, na mchezaji alipovunjika mkono ilikuwa dhahiri kwa wote ni nyumba gani itakayopungukiwa na chakula juma lile. Mwanawe alirithi klabu kama alivyorithi jina la ukoo, kabla hajapata umri wa kupambanua mchezo mzuri na mbaya.

Hata hivyo urithi peke yake haujazi viwanja. Chama kipya hakikuwa na makabaila wa kukikimu. Riziki yake ilikuwa kiingilio cha mlangoni, na katika miji mingine soka ilikuwa tayari imekwisha kuanza kuwavuta watu. Basi mchezo ukalazimika kuwaendea watazamaji wake kama mposaji aendavyo ukweni, ukiacha nje kila tabia iliyowachukiza. Ile desturi ya kujipanga safu mbili na kurushiwa mpira kutoka pembeni ikafutwa mwaka 1897; mwaka 1906 wachezaji wakapunguzwa kutoka 15 hadi 13 ili nafasi ya kukimbia ipatikane, na lile rundo la miili lililokuwa likiumeza mpira kila mtu aangushwapo likabatilishwa, pakawekwa utaratibu mpya ambao mpaka leo ndio moyo wa mchezo.

Tuutazame kwa karibu kama ulivyo siku hizi, kwa maana hapo ndipo mgeni hunasika. Mwenye mpira anaukimbilia ukuta wa wapinzani. Wawili au watatu wanamkaba, mmoja miguuni na wengine kifuani, wanamlaza chini, na refa anapaza sauti kwamba amekwisha kukamatwa. Wanamwachia. Anainuka, anawaelekea wapinzani, anauweka mpira ardhini na kuurudisha nyuma kwa wayo, na mwenzake aliyeinama nyuma yake anauokota na kuurusha papo hapo kulia au kushoto. Huku wapinzani wote, isipokuwa wale wawili walioruhusiwa kusimama mbele yake, wakirudi nyuma mbio kutimiza meta 10. Punde si punde, mgongano mwingine. Timu hupewa nafasi 6 za namna hiyo, kisha mpira huwa wa wenzao, na kwa hiyo hadhira nzima huhesabu, hata watoto, na ikishapita ya tano kila mmoja hutazamia teke. Zamani hesabu hiyo haikuwapo: iliingia katika miaka ya 1960, kwanza nafasi 4, halafu zikafanywa 6, kwa sababu timu moja iliweza kuung'ang'ania mpira dakika nyingi mno hata watu wakapiga miayo. Mposaji alikuwa bado hajachoka kujirekebisha.

Miji hii ilijua pia kuwapenda wageni. Mwaka 1953 Wigan, mji wa makaa na pamba, ulimchukua kijana wa miaka 18 kutoka mitaa ya bandari ya Cardiff, Billy Boston, ambaye babake alitoka Sierra Leone. Katika Wales ya siku hizo raga ya watu 15 ilikuwa nusura iwe dini, lakini jezi ya taifa katika raga hiyo haikuvaliwa na mchezaji mweusi mpaka miaka ya 1980. Boston alikuwa winga mpana wa mabega, mwepesi wa miguu, aliyeweza kumzunguka mpinzani au kumpitia juu kadiri alivyopenda. Aliichezea Wigan mechi 488 akafunga trai 478, na sanamu yake imesimama katikati ya mji huo. Sisemi kwamba ubaguzi haukuwapo. Mwaka 1957, timu ya Uingereza ilipopita Afrika ya Kusini kucheza mechi za maonyesho, Boston hakuweza kufuatana na wenzake. Mwenzake wa Cardiff, Clive Sullivan, alifanya jambo ambalo kwa watu wa Hull ni karibu na muujiza: alipendwa na pande zote mbili za mto unaougawa mji huo baina ya klabu za mahasimu, kwa kuwa alizichezea zote, na mwaka 1972 akaiongoza Uingereza kutwaa Kombe la Dunia, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote. Barabara kuu iingiayo Hull ina jina lake.

Atakaye kujua mahaba haya yalifika kimo gani, na akumbuke Jumatano ya tarehe 5 Mei 1954, Warrington na Halifax waliporudiana fainali katika uwanja wa Odsal, Bradford: watu waliohesabiwa milangoni walipita 102,000, ilhali mechi yenyewe ilimalizika 8-4.

Ng'ambo ya bahari kisa kilikuwa kile kile. Huko Sydney, mwaka 1907, wachezaji waliochoshwa na kuumia bila fidia wakaanzisha ligi yao, na msimu wa kwanza, 1908, bingwa alikuwa South Sydney, klabu ya mitaa ya wafanya kazi. Mwishoni mwa 1999 wakuu wa ligi, wakitaka kupunguza timu, wakaiondoa klabu hiyo kongwe. Mashabiki walikataa. Mwaka 2000 makumi ya maelfu wakaandamana katika njia za Sydney wakiwa wamevaa nyekundu na kijani, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2002 klabu ikarudi uwanjani. Mahakama ya juu kabisa ikaja kuhukumu kinyume mwaka uliofuata, lakini hapo hakuna aliyethubutu tena kuifukuza. Katika fainali ya 2014 Sam Burgess wa South Sydney, mzaliwa wa Dewsbury, mwendo mfupi tu kutoka Huddersfield, alivunjika mfupa wa shavu katika mgongano wa kwanza kabisa wa mechi. Akaendelea kucheza mpaka kipenga cha mwisho, timu yake ikashinda 30-6, nalo lilikuwa taji lao la kwanza tangu 1971. Watoto waliobebwa mabegani katika yale maandamano walikuwa wamekwisha kuota ndevu.