Mwenye Meli na Mabaki Yake

Mwenye meli hautui mzigo wake wa kisheria siku chombo chake kinapozama. Mkataba wa Nairobi kuhusu uondoaji wa mabaki ya meli, uliopitishwa jijini humo Mei 2007 chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari na kuanza kutumika tarehe 14 Aprili 2015, unamtaka mmiliki aliyesajiliwa, yaani yule ambaye jina lake limo katika daftari la usajili wakati wa ajali, aondoe mabaki yanayoleta hatari na agharimie kazi hiyo. Mabaki hapa si meli iliyozama au kukwama peke yake, bali pia kontena lililoanguka na kuelea, na hata chombo ambacho bado hakijazama lakini kinaelekea huko bila yeyote kukiokoa. Nayo hatari huhesabiwa kwa vyombo vinavyopita, kwa mazingira, kwa uvuvi na kwa utalii wa pwani.

Dhima hiyo haingoji kosa lithibitishwe, kwa hiyo kumlaumu nahodha hakumwokoi mwenye mali. Husamehewa pale tu ajali ilipotokana na vita, na maafa ya asili yasiyozuilika, na hujuma ya mtu mwingine, au na uzembe wa serikali katika kutunza taa za kuongozea meli. Sharti hili la mwisho, ambalo huzungumzwa kwa nadra, lina maana kwamba nchi inayoacha minara yake izimike inaweza kujikuta ikilipa yenyewe.

Ili deni lilipike, meli ya tani 300 na zaidi, tani za kupimia ujazo na si uzito, lazima iwe na bima, na serikali iliyoathirika inaweza kumdai mwenye bima moja kwa moja. Vyombo vidogo havikulazimishwa kuwa na bima hiyo. Isitoshe, mkataba hutumika katika ukanda wa uchumi wa bahari, unaoanzia nje ya maili 12 za pwani, isipokuwa nchi iamue kuufikisha ndani ya maili hizo. Na majahazi mengi huzama humo humo, karibu na nchi kavu, ambako nchi isiyo na sheria madhubuti yake yenyewe huachiwa mabaki ya watu wasioweza kulipa. Madai nayo hufa miaka 3 baada ya hatari kutambuliwa rasmi, na kwa vyovyote hayavuki miaka 6 tangu ajali.