Unaponunua Nyumba, Dalali Analipwa kwa Kazi Gani?

Anayetafuta nyumba ya kununua Dar es Salaam siku hizi hukutana na dalali muda mrefu kabla ya kumwona mwenye nyumba. Picha amezikuta Instagram au kwenye status ya WhatsApp, chini yake pameandikwa bei na maneno "maongezi yapo", na namba ya simu ni ya mtu asiyemjua. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Jiji ni kubwa, na dalali anayejua vichochoro vya Goba, Tabata au Chanika anaweza kukuokolea miezi ya kuzunguka. Kinachonisikitisha ni jinsi wanunuzi wengi wanavyotoa mamilioni kwa kuonyeshwa nyumba, kisha wakasita kutoa laki chache ili wathibitishe kama nyumba hiyo inauzika kweli. Kuonyeshwa na kuthibitishiwa ni kazi mbili, na dalali hufanya ile ya kwanza tu.

Tuanze na malipo yake. Kwa nyumba ya kupanga, desturi iliyozoeleka mijini ni kodi ya mwezi mmoja. Kwa nyumba ya kuuzwa, udalali hutajwa kuwa kati ya asilimia 5 na 10, lakini hayo ni makubaliano tu na mara nyingi hushuka bei inapokuwa kubwa. Wa kumlipa ni yule aliyemtuma. Mwenye nyumba akimwambia dalali "nitafutie mteja", udalali unatoka kwa mwenye nyumba. Wewe ukimwambia "nitafutie nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni", unadaiwa wewe. Migogoro mingi inaanzia hapa, kwa kuwa dalali hujiona ametumwa na wote wawili, na hakuna aliyetamka mapema nani atalipa nini.

Halafu kuna cha juu. Tuseme mwenye nyumba Mbagala anataka milioni 60 mkononi. Dalali wa mtaani anampa habari mwenzake, naye anampa mwingine mwenye wafuasi wengi mtandaoni, na nyumba inapokufikia wewe bei imekuwa milioni 68. Juu yake unaambiwa ulipe asilimia 10 ya udalali, yaani milioni 6.8. Umetoa milioni 74.8 kwa nyumba ambayo mwenyewe aliridhika na 60. Milioni 14.8 zimeishia kwa watu ambao wengine hujawahi kuwaona. Fedha hizo zingejenga uzio, zingechimba kisima na pengine zingebaki.

Watu wengi, wakiwamo madalali wenyewe, huamini cha juu ni haki ya dalali, alimradi mwenye nyumba amepata alichotaka. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtambua anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine kuwa wakala, na wakala hana ruhusa ya kujitengenezea faida ya siri katika shughuli ya aliyemtuma. Akiipata, aliyemtuma anaweza kuidai. Cha juu kinakuwa halali pale mwenye nyumba anapojua na kukubali: "Mimi nataka 60, utakachozidisha ni chako." Wapo wanaokubaliana hivyo waziwazi, na hapo dalali hana kosa. Kwako wewe mnunuzi, hata hivyo, maumivu ni yaleyale.

Ndiyo maana nasisitiza jambo moja kuliko yote katika hatua hii: usizungumze bei ya mwisho bila mwenye nyumba kuwapo. Dalali mwaminifu hatakuzuia, maana malipo yake yanajulikana. Anayekwambia mwenye nyumba yuko safarini, hapendi usumbufu au amemwachia yeye kila kitu, mwambie utasubiri. Na kabla hujapanda gari kwenda kuona nyumba ya kwanza, muulize kwa ujumbe wa simu unaobaki: umetumwa na nani, unalipwa na nani, na kutoka kwangu unatarajia kiasi gani? Hela ya kuonyeshwa, ile elfu kumi au ishirini ya usumbufu na nauli, si dhambi ikitajwa mapema na ikiwa ya nyumba zilizopo kweli. Ikidaiwa kila siku kwa nyumba ambazo kila ukifika "zimeshachukuliwa jana", huyo anaishi kwa hela ya kuonyesha tu.

Wasomaji walioko Marekani wanaopanga kununua nyumba huko wasidhani kwamba suala hili ni letu peke yetu. Kule kwa miaka mingi muuzaji ndiye aliyelipa mawakala wa pande zote mbili, mara nyingi asilimia 5 au 6 kwa jumla, na mnunuzi akaamini kwamba wakala wake ni wa bure. Kumbe gharama hiyo ilikuwa imeshaingizwa kwenye bei ya nyumba. Mwaka 2023 baraza la wazee wa mahakama huko Missouri liliamua dhidi ya chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba, na mwaka uliofuata chama hicho kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi. Tangu Agosti 17, 2024, wakala anayetumia mfumo wao wa pamoja wa matangazo lazima awe na mkataba wa maandishi na mnunuzi, unaotaja malipo yake, kabla ya kumtembeza kwenye nyumba. Hakuna kinachotuzuia kufanya hivyo kwa karatasi moja na kalamu.

Kenya nao wana sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili, hivyo mnunuzi wa Nairobi au Mombasa anaweza kuuliza kama aliye mbele yake amesajiliwa. Kwetu Tanzania mtu mwenye simu anaweza kuianza kazi hii asubuhi na jioni akaitwa dalali. Ulinzi wako basi hauko kwake. Uko kwenye nyaraka.

Kama nyumba ina hati miliki, chukua namba ya kiwanja, kitalu na hati, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa ukaombe upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na udalali. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, kama nyumba imewekwa dhamana benki, na kama kuna zuio. Hati ya kupigwa picha kwenye simu ya dalali haithibitishi chochote. Kisha linganisha jina na kitambulisho cha anayeuza. Kama ameoa au ameolewa, mwenzi wake asaini ridhaa, kwa kuwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama mwenye jina amefariki, usikubali barua ya kikao cha ukoo peke yake; anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wajue. Kesi nilizoziona zikiwavunja watu moyo zaidi ni hizi za mirathi. Mnunuzi ameshahamia na watoto wameshazoea shule, ndipo anatokea dada wa marehemu aliyekuwa Mwanza wakati wa mauzo.

Nyumba zisizo na hati, ambazo ndizo nyingi, zinadai kazi zaidi. Leseni ya makazi ni bora kuliko kutokuwa na karatasi, lakini ni ya muda mfupi na haina nguvu ya hati. Waulize majirani wa pande zote nne. Nenda serikali ya mtaa ukaulize historia ya eneo, na mlete mpimaji aangalie kama eneo limeingia kwenye barabara au bonde.

Hapo serikali ya mtaa ndipo utakapoombwa asilimia 10 ya bei kama "haki ya ofisi". Hakuna sheria inayompa mwenyekiti wa mtaa asilimia 10 ya nyumba yako. Ukitozwa mchango wowote, dai stakabadhi ya serikali.

Gharama halali nazo zipo. Anayeuza hulipa kodi ya ongezeko la mtaji TRA, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Tangu Julai 2023, asiye na kumbukumbu za gharama zake hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Aliyeishi katika nyumba yake kwa miaka 3 au zaidi na faida yake isizidi milioni 15 husamehewa. Kodi hiyo ni yake, lakini bila kuilipa uhamisho haukamiliki, kwa hiyo iandikeni kwenye mkataba. Wewe utabeba ushuru wa stempu, takriban asilimia 1, pamoja na ada za usajili na za wakili atakayeandaa mkataba na fomu namba 29, 30 na 35 za kuhamisha milki. Wakili awe wako. Yule aliyeletwa na dalali ni wa dalali.

Mwisho ni fedha zenyewe. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinataka mauziano yawe ya maandishi na yasainiwe, la sivyo mahakama haitakusaidia kuyatekeleza. Kishika uchumba, yaani malipo ya awali, kisitoke kabla ya upekuzi, kisipite mkononi mwa dalali, na kiandikwe kitarudishwa lini endapo nyaraka zitakutwa na kasoro. Bei yote ipitie benki, kwenye akaunti ya mwenye hati. Udalali ulipwe baada ya mkataba kusainiwa. Na dalali akikuambia, "Bosi, kuna mteja mwingine anakuja jioni na fedha taslimu," mwache huyo mteja anunue.