Kujifunza Kuota kwa Utambuzi: Kwa Nini Hamu Huisha Mapema

Ndoto ya utambuzi ni ile ambayo mwotaji, angali usingizini, anafahamu kwamba anaota. Wengi huipata mara mojamoja bila kuitafuta. Wachache huamua kujifunza kuipata kwa makusudi. Miongoni mwa hao wachache, wengi huacha baada ya majuma mawili au matatu, wakijilaumu kwamba hawana uvumilivu. Makala haya yana hoja tofauti: mara nyingi hamu yao haikuwa haba, bali ilizidi kiasi, ikala usingizi ambao ndoto zenyewe huuhitaji.

Kwamba hali hiyo ipo, sayansi haina shaka tena. Katika usingizi wa ndoto misuli ya mwili hulegea, isipokuwa michache, ikiwamo ya macho, ambayo huchezacheza chini ya kope. Mwaka 1975 huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alikubaliana na Alan Worsley kwamba akijitambua ndotoni ayapeleke macho kushoto na kulia kwa mpango maalumu. Worsley akalala, akaota, akatoa ishara, na mashine ikaiandika huku vipimo vya ubongo vikionyesha kwamba amelala. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipata ushahidi kama huo katika maabara yake.

LaBerge anafaa kukumbukwa na kila anayekata tamaa. Alijifanya mwenyewe kuwa mhusika wa utafiti wake kwa takriban miaka 3. Kwa zaidi ya mwaka wa kwanza, akitumia kujinasihi tu kabla ya kulala, alipata wastani wa ndoto kama 5 za utambuzi kwa mwezi. Alipobuni mbinu bora wastani ulipita 20. Huyu ni mtu aliyekuwa akiandika tasnifu ya uzamivu juu ya jambo hilohilo! Mwanafunzi anayejipa siku 10, kisha akajihukumu kuwa ameshindwa, amejiwekea kipimo ambacho hata bingwa asingekifikia.

Ugumu huo una sababu zake mwilini. Usingizi hupita katika mizunguko ya takriban dakika 90, na sehemu ya ndoto katika kila mzunguko hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Mtu alalaye saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja huota zaidi katika saa mbili za mwisho kuliko katika tatu za mwanzo. Tena, wakati wa kuota, sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kupima na kuhoji mambo hupunguza kazi. Ndiyo maana marehemu babu anaweza kuketi sebuleni akinywa kahawa, nasi tusishangae.

Mtego umo hapa. Mwanafunzi mwenye pupa husikia kwamba alfajiri ndiyo saa ya ndoto, basi hutega kengele ya simu mara tatu kila usiku. Baada ya juma moja ana deni la usingizi. Mchana anasinzia kazini, ana hasira za bure, na hamu ya kila kitu imepungua, pamoja na hamu ya kuota. Anadhani amevunjika moyo kwa sababu hakufanikiwa. Kwa sehemu kubwa amevunjika moyo kwa sababu hakulala.

Kinachosaidia ni kubadili kinachohesabiwa. Anayehesabu ndoto za utambuzi peke yake atakuwa na sifuri nyingi mno. Anayehesabu ndoto alizozikumbuka ataona maendeleo mapema, kwani kumbukumbu ya ndoto huongezeka kwa mazoezi mepesi: kuweka daftari karibu na mto, kutulia bila kujigeuza mara tu unapozinduka, na kuandika hata kipande kimoja, rangi moja, sura moja. Hatua hii haiwezi kurukwa, kwani ndoto ya utambuzi isiyokumbukwa asubuhi ni sawa na isiyootwa. Isitoshe, daftari hufichua mambo yanayojirudia, kama vile mtihani ambao hukuusomea, au basi lililokuacha, na hayo ndiyo yatakayokushtua siku moja ndani ya ndoto.

Mbinu ya LaBerge yenyewe ni ya kukumbuka jambo la baadaye, kama mtu aliyeagizwa kununua chumvi njiani na asitake kufika nyumbani mikono mitupu. Unapozinduka kutoka ndotoni unajiambia, “Nitakapoota tena, nitakumbuka kwamba naota,” huku ukijiona umo ndani ya ndoto ile na umeitambua, kisha unalala. Utafiti wa Denholm Aspy huko Adelaide, Australia, uliotolewa mwaka 2017, uliwapata watu waliounganisha mbinu hiyo na nyingine mbili wakifanikiwa kwa asilimia 17 ya majaribio katika juma moja. Waliorudi usingizini ndani ya dakika 5 walikaribia asilimia 46. Takwimu ya pili yafaa kutafakariwa: aliyelala upesi alimshinda aliyekesha akijilazimisha.

Kwa hiyo usiku mmoja au miwili ya mazoezi kwa juma yatosha, tena siku ambazo kesho yake hakuna zamu. Kuzinduka na kulala tena huweza pia kuleta jinamizi, ile hali ya kuamka akili huku mwili umekazwa. Inatisha, lakini hupita yenyewe baada ya muda mfupi. Mwenye kifafa asijaribu kukatiza usingizi, kwa kuwa kukosa usingizi huweza kuchochea degedege. Vivyo hivyo mwenye historia ya kuchanganyikiwa akili, au ya vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi, azungumze kwanza na daktari wake.

Wapo wanaojifunza si kwa udadisi bali kwa sababu ndoto za kutisha zimewachosha, na hao kushindwa huwauma zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliwafundisha watu wachache wenye tatizo hilo kuota kwa utambuzi, na ndoto mbaya zikapungua. Lakini watafiti hawakuweza kusema kama kilichosaidia ni utambuzi wenyewe, au ni kule kuikabili ndoto mchana na kujiona una uwezo juu yake. Kwao ipo njia isiyodai kuzinduka usiku: kuiandika ndoto ile mchana, kuibadili mwisho upendavyo, na kuupitia mwisho huo mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Tiba hii hutolewa na wataalamu wa afya ya akili, na yafaa kuiulizia kliniki kabla ya kutega kengele ya alfajiri.