Giza la Chini ya Jiji Lataka Taa Ndogo

Juani kila mtu ni fundi wa picha. Simama saa nne asubuhi pale Kenyatta Avenue, elekeza kamera popote upendapo, na picha itatoka hata kama mkono unatetemeka. Lakini shuka ngazi hadi chini ya ardhi, funga mlango nyuma yako, kisha ujaribu. Hapo ndipo fundi hutengana na mbabaishaji.

Mimi nilijulikana kuwa mbabaishaji mwezi wa Februari mwaka 2003.

Msomaji atakumbuka kwamba Desemba iliyotangulia Wakenya walikuwa wamepiga kura na kubadilisha serikali. Serikali mpya ikafungua milango ya vyumba vya chini ya Nyayo House, lile jengo la ghorofa 27 linalotazama Uhuru Highway. Huko juu watu hufuata pasipoti hadi leo. Huko chini, katika miaka ya 1980, hasa msako wa Mwakenya ulipopamba moto mwaka 1986, watu walizuiliwa na kuteswa. Marehemu Wahome Mutahi, aliyewachekesha Wakenya kwa safu yake ya Whispers, alikuwa mmoja wao. Waliotoka humo walisimulia habari za maji yaliyomwagwa sakafuni, njaa, vipigo, na siku zilizopita bila mtu kujua kama nje ni usiku au mchana.

Nilikuwa nikiishi Kangemi wakati huo, nikipiga picha za harusi na za vitambulisho. Niliposikia kwamba watu wanaruhusiwa kuingia, nilitia filamu mpya kwenye kamera, nikafunga flashi juu yake, nikapanda matatu ya namba 23 hadi mjini. Nilipiga picha zote thelathini na sita. Nilitoka nikijiona shujaa.

Picha zilipooshwa nilitamani kuzitupa. Watu waliokuwa mbele yangu walikuwa weupe kama waliomwagiwa unga. Nyuma yao palikuwa na weusi mtupu, usio na ukuta wala mlango. Hata hivyo nilimpelekea mzee mmoja jirani yangu, ambaye alikuwa amekaa siku nyingi katika vyumba vile mwaka 1986. Alizitazama moja moja, akazipanga vizuri kama karata, akanirudishia.

“Kijana,” akasema, “umepiga picha ya taa yako. Mahali penyewe hapamo.”

Neno hilo lilinichoma, nalo ndilo lililonifundisha kazi.

Kosa langu lilikuwa nini? Mwanga una desturi moja ambayo haibembelezwi. Kitu kikiwa mbali mara mbili, mwanga unaokifikia hubaki robo. Kikiwa mbali mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo flashi iliyofungwa juu ya kamera humchoma aliye karibu na kumwacha gizani aliye nyuma yake. Zaidi ya hayo, mwanga unaotoka pale pale jicho la kamera lilipo hauachi kivuli, na pasipo kivuli chumba hakina kina. Tena vumbi lililo hewani hung'aa mbele ya lenzi kama theluji. Na kuta zikiwa nyeusi, kama zilivyokuwa kule chini, hunywa mwanga wote wala hazirudishi kitu.

Sikuwa wa kwanza kusumbuka hivyo. Mfaransa aliyejiita Nadar, mwanzoni mwa miaka ya 1860, alishuka katika mahandaki ya Paris yaliyojaa mifupa ya wafu, akiwa na taa za umeme na betri nzito. Picha moja ilichukua hadi dakika 18. Kwa kuwa hakuna mtu awezaye kusimama muda huo bila kutikisika, alivalisha masanamu nguo za vibarua na kuyapiga picha badala ya watu. Muda si mrefu wapiga picha wa Uingereza na Marekani wakaanza kuchoma madini ya magnesi katika mapango na migodi. Mwanga wake ulikuwa mkali, lakini moshi ulijaa hata picha ya pili ikawa haipigiki. Mwaka 1887 Wajerumani wakatengeneza unga wa kulipuka, ambao uliwaunguza nyusi wapiga picha wengi. Balbu za flashi zikafuata, kisha flashi za umeme kama ile yangu.

Sisi hapa kwetu tulikuwa na karabai. Nani wa rika langu hajui sauti yake ikinguruma katika sherehe ya usiku? Mwanga wake ni mzuri, wa manjano, unaopendeza uso wa mtu. Lakini usiishushe karabai chini ya ardhi. Inakula hewa ile ile unayoivuta wewe, na moto katika chumba kisicho na tundu hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Siku hizi Mungu ametujalia taa za LED. Taa isiyozidi ukubwa wa daftari, yenye betri yake ndani, huwaka saa nzima na zaidi bila moshi. Mkoba wangu una taa mbili za namna hiyo, tochi moja ndogo, shuka nyeupe, karatasi nyeusi, na stendi ya miguu mitatu. Huo ndio mzigo wote, na unaingia kwenye matatu bila kondakta kunidai nauli ya mtu wa pili.

Nilijifunza kuvitumia katika nyumba za zamani za Lavington na Westlands zilizokuwa zikingoja kubomolewa ili maghorofa yajengwe. Kila mara niliomba ruhusa kwa mwenyewe, kwa maana gofu nalo lina mwenyewe. Funga kamera kwenye stendi. Fungua jicho lake kwa sekunde thelathini. Kisha tembea ndani ya chumba ukiwa umevaa nguo nyeusi, ukipitisha tochi ukutani polepole kama mtu anayepaka chokaa. Usisimame mahali pamoja, wala usiielekeze tochi kwenye lenzi. Ukitembea vizuri, wewe mwenyewe hutaonekana. Utaonekana ukuta tu, na kila ufa uliomo. Ukitaka mwanga mpole, elekeza taa kwenye shuka nyeupe badala ya kuielekeza kwenye kitu chenyewe. Na mwanga ukitoka ubavuni, hata msumari mmoja utaonyesha kivuli chake.

Usichanganye taa ovyo. Balbu ya kale ni ya manjano, mwanga wa mlangoni una ubuluu. Ukiziacha zote ziwake, chumba kitaonekana kama kilichopakwa na mafundi wawili waliogombana.

Tena usiende peke yako. Mwambie mtu wa nyumbani ulikoenda na saa utakayorudi. Chukua taa tatu, kwa sababu moja itazima na nyingine itaanguka. Ukisikia kichwa kizito, toka nje kwanza, picha baadaye. Na palipo na popo usiingie kwa ujasiri wa bure: watu wawili walioambukizwa ugonjwa wa Marburg, mwaka 1980 na mwaka 1987, walikuwa wamezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon.

Nilipoona mkono wangu umezoea, nilimwendea tena yule mzee. Katika nyumba moja ya Lavington palikuwa na stoo chini ya sakafu, isiyo na dirisha. Nilimwomba anishike mkono anionyeshe giza la mwaka 1986 lilikuwa la namna gani. Alifikiri kwa siku kadhaa, kisha akakubali, kwa sharti kwamba mlango usifungwe.

Niliwasha taa zangu zote mbili. Akatikisa kichwa. “Punguza.” Nikazima moja. “Punguza.” Nikaifunika ya pili kwa karatasi nyeusi. “Bado. Unataka watu waone ukuta. Sisi hatukuona ukuta. Tuliugusa.” Mwishowe niliitoa taa nje kabisa, nikaiweka sakafuni nyuma ya mlango uliorudishwa nusu, ukabaki mstari mwembamba wa mwanga ukigusa sakafu. Nilifungua jicho la kamera kwa dakika nne. Hatukusema neno. Nilimsikia akihema.

Alipoiona picha alikaa nayo muda mrefu. “Sasa,” akasema.

Lakini nilifanya jambo moja kabla ya kumpa nakala yake. Niliandika nyuma ya picha kwamba hii ni stoo ya Lavington, si Nyayo House. Picha ya mfano husaidia moyo kuelewa, ila haiwezi kuwa shahidi. Siku moja mtu angeweza kuiokota na kusema ndiyo hii. Na mwingine, akigundua kwamba siyo, angesema basi hata mateso yalikuwa ya kutungwa. Mateso hayakutungwa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamua kwamba watu 21 walioteswa katika jengo lile walipwe fidia.

Ndiyo maana zile picha zangu mbovu za 2003 sijazitupa. Zina tarehe, zina mahali, na katika moja yao, ukiitazama sana, pembe ya mlango inaonekana. Nami nawasihi wote walioingia siku zile wakiwa na kamera: zitafuteni filamu zenu, ziandikeni nyuma nani, wapi na lini. Mzee wangu ameanza kuingiwa na ukungu machoni. Majuzi alinishika bega akaniuliza kama nina taa ya kutosha kwa siku itakayowezekana kushuka tena kule chini, pamoja, bila haraka.

Nilimwambia ninayo. Betri naichaji kila Jumapili.